Kilomita 614

Kwanza palikuwa na namba tu, si jina:
kilomita mia sita na kumi na nne,
mahali treni moja husubiri kuipisha nyingine.
Wakajenga kibanda cha magogo, tangi la maji,
wakamleta Yefim Surnin, mkewe, na farasi mwenye chongo.
Mgeni siku mbili; ya tatu akapewa sepetu,
theluji ilikuwa imefika kifuani.

Reli ndiyo ilikuwa serikali.
Ilileta mkate Jumanne na Ijumaa,
ilileta daktari wa meno ndani ya behewa la kijani,
ikaandika nani kaolewa, nani kafa, nani kaiba makaa.
Baadaye tukapewa jina, Lomovka,
la kijito kisichoonekana kutoka kituoni,
tukapewa na baraza, meza yenye kitambaa chekundu,
na muhuri.

Muhuri ulikaa katika kopo la chai.
Glafira, mjukuu wa Yefim, karani miaka thelathini na mmoja,
aliupulizia pumzi kabla ya kuugonga
kama anayepasha vidole vya mtoto.
Ndivyo nilivyogongwa mimi: mvulana, kilo tatu na robo,
amezaliwa hapa.

Zikaja injini za umeme, zisizokunywa maji.
Tangi wakarithi kunguru.
Treni ya haraka ikaacha kusimama; ya polepole
ikasimama dakika tatu, halafu moja.
Watu mia tatu na tisa. Themanini.
Kisha idadi ambayo Glafira aliijua bila daftari,
kwa kuhesabu moshi wa asubuhi.

Siku ya kuvunja baraza alikuja kijana
mwenye viatu vyembamba, akasoma azimio:
makazi yanaunganishwa na Berezhok,
kilomita arobaini na mbili, barabara hakuna
(hilo la barabara halikuwa kwenye azimio).
Akaomba muhuri. Glafira akaupindua mezani,
akamtaka atie sahihi. Mara mbili.
"Na kopo?"
"Kopo ni langu."

Mwaka jana nilihitaji cheti.
Dirishani Berezhok, binti mwenye mafua
akabonyeza, akangoja, akabonyeza.
Kule hakuna, akasema.
Pana, nikasema. Pana nyumba tatu.
Kule kumefutwa, baba. Chagua pengine pa kuzaliwa.

Nikapanda treni ya polepole.
Dakika moja: unatupa mfuko kwanza, kisha mwenyewe.
Glafira alikuwa anaondoa theluji kwenye jukwaa
ambalo halimo tena katika hesabu ya mtu yeyote.
Nikamweleza. Hakucheka, hakulaani.
Alinipa sepetu ya pili.

Jioni akafungua kopo. Lina chai siku hizi,
nyeusi, yenye ladha ya wino kwa mbali.
Tulikunywa vikombe vinne.
Treni ya kurudi ni Ijumaa.