Mkate wa Shaame

Kila baada ya alasiri, hapa Limbani,
mama huuliza: "Shaame kapiga?"
Nami hujibu: "Kapiga. Ulikuwa umelala. Kasema nisikuamshe."

Basi huinuka. Hujifunga kanga kiunoni,
hudai tui, hamira, mchele ulioroweka tangu jana,
na mkate wa kumimina ukaumuka, mkaa juu, mkaa chini,
kwa ajili ya mtu aliyezikwa Sohar mwaka juzi,
nasi tukamzika kwa kutazama picha simuni.

Mwanzo nilimwambia kweli.
Nilimwambia Jumatatu, akaanguka.
Nilimwambia Alhamisi, akaanguka upya,
kwani msiba kwake haukuwa na jana.
Mara ya nne alinifunga mdomo kwa kiganja
kama mtu azibaye bomba lililopasuka.

Tangu hapo namtengenezea furaha
kama wanavyotengeneza pale sokoni sharubati ya embe
isiyoujua mwembe: unga, rangi, maji ya barafu.
Watoto huigombania. Ndimi zao hugeuka manjano,
lakini kicheko chao
hakina rangi ya dukani.

Ami Mbarouk hunilaumu. "Uongo ni uongo," asema,
"hata ukiutia hiliki."
Yeye huja Idi mpaka Idi.
Hajapata kumwokota mama sakafuni.

Lakini usiku, nikisugua sufuria, najiuliza:
kicheko kile ni cha mama,
au ni changu, nimemvisha?
Na juzi simu ilipolia chumbani
mimi, niliyeutunga uongo kwa kinywa changu,
kwa nini nilikimbia?

Ijumaa moja akili ilimrudia
kama umeme unavyorudi, bila taarifa, taa zote.
"Riziki, Shaame kafa?"
"Kafa, mama."
"Nilimlilia?"
"Ulimlilia. Mara nne."
Akahesabu kwa vidole. "Basi, yatosha.
Ila wewe
sijakuona ukilia."

Akanitazama kitambo. Kisha taa zikazimika.
"Leo keshapiga?"

Kijiko cha hiliki kilikuwa mkononi.
Nikasema kapiga, sauti ikakatika katikati.
Moshi, nikamwambia, moshi wa vifuu.
Akanipangusa kwa ncha ya kanga, akicheka,
mwanawe anakuja.

Mkate uliungua upande mmoja.
Tukaula hivyo hivyo,
yeye upande mweupe,
mimi ule mweusi.