Mifuko ya Uongo

Walikuja na kitambaa chao wenyewe,
vijana wawili wa tamthilia,
wakasimama mlangoni pangu Mwembe Tayari
kama waliotumwa kuposa.
"Bi Riziki, tushonee koti la wakili.
Kiuno kibane. Bega lisimame.
Mifuko, weka ya uongo."

Mifuko ya uongo naijua:
kifuniko juu, chini pameshonwa,
mkono ukienda unarudi na aibu yake.
Nikauliza, na vitu vyake atatia wapi?
Wakacheka. "Vitu gani, mama? Huyu ni wakili wa tivii."

Mimi nina wakili wa kweli.
Mbodze yuaja kila mwisho wa mwezi
na koti jeusi lililochanika palepale,
pembe ya mfuko wa kulia,
kwa uzito.
Kabla sijalitia sindano nalikung'uta mezani:
ufunguo wa ofisi, ufunguo wa nyumba,
ufunguo ambao hata mwenyewe haujui;
nusu ya kidonge cha presha cha mamake;
karatasi ya korti ya Shanzu, imekunjwa mara nne,
na nyuma yake kwa penseli:
unga, taa ya choo, mkumbushe Kenga;
na safari moja, ndani ya tishu,
jino la utoto la mwanawe wa pili,
limeng'oka asubuhi wakati wa chai,
akaingia nalo mahakamani,
akasimama nalo mbele ya hakimu
akiwatetea wanawake kumi na mmoja wa kiwanda
waliofutwa kazi kwa kubeba mimba.

Alishinda? Alishindwa. Akakata rufaa.
Na Kenga hajamwacha.
Wala si malaika:
huunguza wali kisha akautetea,
utadhani yeye ndiye aliyesomea sheria.

Vijana walisahau kurasa zao kwenye cherehani.
Nilisoma huku pasi ikipoa.
Sehemu ya tano, anashinda kesi.
Sehemu ya sita, mume anaondoka.
Sehemu ya saba, analia mbele ya kioo,
kioo kikubwa, cha nyumba ya kukodi kule Nyali.
Kila anachokipata nje
anatozwa faini sebuleni.
Hana mama. Hana jirani.
Kurasa arubaini, hakuna anayemuuliza umekula.

Nyamvula, mwigizaji wao, alikuja kupima.
Aligeuka kushoto, akageuka kulia,
kisha akanong'ona, nami nina pini mdomoni:
"Nifungulie upande mmoja tu.
Hawataki nishike simu,
na mwanangu ana pumu,
nimemwacha Mishomoroni kwa shoga yangu."

Nikachukua kiwembe.
Mishono minne, mitano.
Nikatia bitana ya kanga kuukuu, laini,
simu isisikike ikitetemeka.

Usiku wa sehemu ya sita
tulijaa chumbani kama kawaida,
watoto chini, dada yangu Mwanahamisi kwenye kiti chake,
miaka thelathini ya uuguzi imemkalia magotini,
sinia la mchele mapajani.
Mume akatoa hotuba yake ndefu ya kuondoka.
Wakili akasimama wima, kama alivyoandikiwa.

Halafu mkono wa kulia ukashuka.
Ukaingia.
Ukabaki mle.
Na uso wake, kwa muda wa pumzi moja,
ukaenda mahali ambapo kamera haikualikwa,
ukapiga hesabu ya nauli, ya dawa, ya saa,
ukarudi, ukaendelea kuachwa.

Mwanahamisi aliacha kuchambua mchele.
"Ee," akasema. "Huyo sasa namjua."

Wiki ya pili vijana wakarudi
na kitambaa kingine, cha gauni la hakimu.
"Mwongozaji auliza," wakasema,
"ule mkono... alikuwa akishika nini?
Watu hawaachi kuusema."

Niliuma uzi, nikaukata.
"Muulizeni mwenyewe," nikawaambia.
"Na hili, mifuko nitatia miwili."