Asilimia Sabini na Mbili

Saa tisa na nusu usiku. Hata mbwa wa Pasua
wamechoka kubweka.
Kibandani kwangu, getini pa kiwanda cha kahawa,
nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai,
bando la usiku, la mia tano,
nawatazama mabwana wanne wenye tai
wakiigawana kesho kama ndafu ya harusi:
huyu paja, yule mbavu,
na mechi yenyewe haijachinjwa.

Mchujo umefika mechi ya saba.
Timu yangu ni ya mji nisioijua hata mvua yake.
Niliipata Memorial, kwenye fungu la mitumba,
jezi ya elfu mbili, jina limebanduka mgongoni,
zimebaki namba na herufi mbili.
Nikaivaa. Basi, nikawa wao.

"Asilimia sabini na mbili," anasema mwenye kipara,
"leo wanatolewa."
Sabini na mbili! Si sabini, si sabini na tano.
Hizo mbili kaziokota wapi?
Mkunga wa miaka thelathini kazini
alimwambia mke wangu mtoto ni wa Jumanne;
Elinami akaja Jumapili, kanisani, katikati ya sadaka.

Na huyu huyu mwenye kipara
alisema hatuvuki hata raundi ya kwanza.
Tulipovuka, alirekebisha tai.
"Kama nilivyosema," akaanza.
Mimi nikiandika magunia mia
na asubuhi yakahesabiwa tisini na nane,
sina "kama nilivyosema".
Nina barua ya kujieleza.

Ila siwacheki sana.
Kila alfajiri Aikande akishuka na maziwa kutoka Kibosho
huniuliza, "Baba Elinami, leo Mlima unatoka?"
Nami, bila kugeuza shingo: "Saa moja kasoro, mweupe pee."
Saa mbili wingu bado limeukalia
kama kuku anayeatamia.
Kesho yake anauliza tena.

Mwaka tisini na sita, fainali ya mkoa, uwanja wa saruji
wenye ufa uliopita katikati ya duara,
tuko nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha,
nina mitupo huru miwili.
Mwalimu Makundi ameshika kipaza sauti cha betri,
sauti kama nyuki ndani ya debe:
"Huyu Shirima, mabibi na mabwana, huyu hakosi!
Andikeni mbili, twendeni tukale!"
Na watu, kweli, wakaanza kuinuka,
wakijipangusa vumbi makalioni.
Wa kwanza uligonga chuma.
Wa pili sikuutupa peke yangu,
niliutupa pamoja na maneno yake,
na maneno yake yalikuwa mazito kuliko mpira.
Ulifika karibu na pete, ukaghairi.
Habari ya goti ni nyingine, ilikuja baadaye,
ingawa mtaani wanaziunganisha.

Sasa, sekunde tatu.
Nyuma kwa pointi mbili.
Kijana wangu, yule mwembamba wanayesema hana moyo,
anaupokea kwenye kona, anaruka,
mkono unabaki hewani kama wa mtu anayeaga.
Mpira uko juu.
Mwenye kipara kanyamaza. Wote wanne kimya.
Nimesimama, rungu limeanguka, sijui lilipo.
Hapa ndipo ninaponunulia bando:
hapa, ambapo hakuna anayejua,
wala mwenye tai, wala mwenye jezi ya mtumba.

Kiduara kikaanza kuzunguka.
Kikazunguka.
"Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha."

Aikande alinikuta bado nimesimama,
namtazama mpira ambao, kwangu mimi, haujashuka.
"Vipi, wameshinda?" Tuliwekeana kikombe cha maziwa.
"Wameshinda," nikasema. "Kama nilivyosema."
Akanimiminia mpaka ukingoni,
nyuma yake wingu tupu.
Nikanywa harakaharaka
kabla maduka ya vocha hayajafunguliwa.