Nafasi ya Dole Gumba

Mnyambe, msimu wa korosho.
Uani kwa Bi Nantindu harufu ya mabibo imekolea,
nami nimefika na fomu ya kurasa nne,
kidau cha wino wa zambarau
na kinasa sauti kidogo kama kiberiti.

Somoe yuko mkekani. Miaka ishirini na mitatu,
hajatamka neno, si la Kimakonde si la Kiswahili,
wala jina la mamaye.
Fomu yauliza: *Mshiriki ameelewa?*
Haiulizi kama mimi nimeelewa.

"Mshike tu mkono, umgandamize," mama akasema.
"Wa chanjo walifanya hivyo.
Wa picha walimpiga wakaenda zao,
hatujaona hata kivuli chake."

Nikaushika. Ukalegea,
nikajiambia: keshakubali.
Nilipousogeza kwenye wino akaukunja,
vidole vyote vikarudi kiganjani
kama konokono aliyeguswa pembe.

Nikazima kinasa sauti.

Kesho yake nilikaa tu, nikabangua korosho,
mafuta ya ganda yakaniunguza.
"Akipenda, hupumua kwa puani, hivi.
Akichoka, hugeukia ukuta.
Wewe ulitaka akujibu kwa mdomo upi?"

Siku ya tatu akaufikia ukurasa wa pili,
akautia kinywani, akautafuna taratibu,
akautema.
Nimewauliza wasomi wa Mtwara mjini:
hilo ni jibu la swali la ngapi?

Hawakucheka.
"Namba kumi na saba yuko wapi?"
Yuko Mnyambe.
"Basi tumfute, tubaki na wanaosema."

Hapo ndipo niliposhindwa kukaa.
Kumburuta ndani ni wizi, nakiri,
mkono ule niliushika mimi.
Lakini kumfungia mlango, kisha tuandike kitabu
kuhusu watu kama yeye,
na sura yake tuipate kwa jirani?

Penye nafasi ya dole gumba niliandika:
*Amekunja mkono. Tumesimama.
Aulizwe tena, na anayeuliza akae.*
Wameizungushia kalamu nyekundu.

Siku naondoka Bi Nantindu alinimiminia kopo la maji,
na maji huku yananunuliwa kwa ndoo.
Nikasugua. Dole lenye wino lilikuwa langu.
"Mkishajua mnachokitafuta," akauliza,
"mtarudi kumwambia?"

Somoe alikuwa ameugeukia ukuta.