Moja kwa Mia Tatu na Ishirini

Macho yangu yalipogeuka rangi ya bizari
Maweni nzima ilijua kabla ya daktari:
mke wa mgema ameanza kunywa mtaji.
Ni mimi niuzaye, ni mimi nioshaye mirija,
najua nani hulipa Ijumaa na nani hulipa kwa maneno;
na mgawa asali, wanasema, hakosi kulamba kidole.

Sikulamba.
Baba alikufa na tumbo kama mtungi,
na tangu matanga yale ulimi wangu na tembo hawajuani.
Lakini utaapa mara ngapi
mbele ya mtu anayelitazama jicho lako?
Mama mkwe alinusa kikombe changu cha chai.
Mwinjilisti Kahindi aliliombea pepo la ulevi linitoke.
Nikaitikia amina. Ningeitikia nini?

Hospitalini Malindi, Twalib wa maabara
akanifunga mpira juu ya kiwiko.
"Kunja ngumi, mama."
Chupa ya kofia nyekundu, ya zambarau, nyekundu tena.
Akanipa moja niishike akiandika jina: Nyevu Chengo,
miaka thelathini na nane.
Ilikuwa na joto, kama yai lililotoka kutagwa.

Alasiri majibu ya kwanza:
bilirubini juu, vimeng'enya vya ini juu mara kumi na mbili.
Akashusha sauti. "Unatumia?"
Hata yeye.
Homa ya ini, virusi vya B: hakuna. Vya C: hakuna.
Akakuna kichwa, akachukua chupa nyingine.

Damu yangu ikapanda basi la Mombasa bila mimi,
ndani ya kasha la barafu,
nauli na kipimo shilingi elfu tisa.
Chengo alizileta zimekunjwa ndani ya kofia.
Sikumwuliza. Jioni nilihesabu mbuzi.

Siku kumi na moja
nikajikuna usiku mpaka shuka likapata madoa.
Watu husema uchungu unakata maini.
Wanasema tu.

Karatasi ikarudi:
kingamwili dhidi ya misuli laini,
moja kwa mia tatu na ishirini.
Twalib akatafuta mfano. "Tuseme ni tembo kali" —
akajing'ata — "tuseme ni pilipili.
Izimue kwa maji, izimue tena, na tena,
kikombe kimoja kiwe mia tatu na ishirini,
na bado inawasha. Ndivyo damu yako ilivyo."
Nikacheka hadi mbavu zikauma.
Mke wa mgema afundishwe kuzimua!

Halafu akanieleza taratibu.
Walinzi wa mwili wangu hawalitambui ini langu.
Wanalipiga usiku na mchana,
kama mbwa aliyemsahau mwenye mji.
Si pombe. Si mdudu. Si mkono wa mtu.
Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako.
Akasema, "Nguoni ni mbali, mama."

Nilirudi kwa miguu, karatasi ndani ya kanga,
nikapita sokoni polepole makusudi,
kana kwamba wangeisoma kupitia kitambaa.
Mama mkwe hajui kusoma.
Aliishika juu chini, akaitazama mihuri,
kisha akaenda akakiosha kikombe changu,
akakiosha mara mbili,
akanimiminia chai.

Sasa nameza vidonge kila asubuhi baada ya uji.
Macho yamerudi meupe.
Uso umevimba mviringo kama chungu,
na Maweni imepata habari mpya:
mnazi umemnenepesha.

Kila mwezi wa tatu narudi kwa Twalib.
Chengo yuko juu ya mnazi, kisu kiunoni, anagema;
na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki,
nimekunja ngumi,
nagemwa.