Kikohozi cha Mhina

Kaseti kumi na tisa ndani ya mfuko wa unga
aliniletea dukani, Barabara ya Kumi na Nne,
mjane wa mpiga fidla.
"Zitie kwenye simu," kasema. "Watoto hawana subira,
na mie redio yangu imekuwa kabati la sindano."

Ya kwanza skrubu zake zina kutu,
utepe umejisokota kama utumbo wa kuku.
Nikaunyoosha kwa penseli, nikapuliza,
nikachomeka waya kwenye kompyuta yenye ufa,
na ukumbi mzima ukaamka:
viti vya chuma vinaburuzwa, mtu anaitisha soda,
mwaka ambao katani ilikuwa bado na bei.

Kisha ala. Dakika tisa za ala tupu
kabla Bi Mwanasiti hajafungua kinywa.
Fidla inauliza, ganuni inajibu nusu,
fidla inarudia, kama mtu aliyekuja kuposa
akaanza na mvua,
akaenda bei ya machungwa Muheza,
akapitia afya ya wajomba mmoja mmoja.

Nani siku hizi atangoja posa hiyo?
Nilimjaribu Shemsa wa nyumba ya pili, miaka kumi na minne,
hedifoni moja sikioni, nyenzake yaning'inia,
imekufa tangu Idi.
Sekunde ya arobaini kidole kikaruka.
"Mbona haianzi, dada?"
"Imeanza."
"Aa. Mie nilidhani wanapanga vyombo."

Basi nikashika mkasi, huu wetu usio na chuma.
Tisa nikaifanya moja na nusu.
Nikaongeza besi, maana simu hizi zina koo la chiriku.
Nikafuta mvumo, nikafuta soda, nikafuta viti,
nikafuta na kikohozi katika ubeti wa tatu,
kikavu, kifupi, cha mtu anayejizuia.
Wimbo ukatoka safi kama sahani ya hoteli:
hujui nani alilia kabla yako.

Mjane akaiweka simu sikioni kama anayepigiwa.
Nusura aseme haloo.
Akasikiliza mpaka mwisho, akasikiliza na kimya chake,
kisha akauliza: "Mhina yuko wapi?"
"Si huyo, bibi. Fidla hiyo."
"Fidla naisikia. Nakuuliza Mhina."

Mchana alikuwa chumba cha brashi, kiwanda cha katani,
vumbi likamjengea nyumba kifuani.
Usiku alilibana, alilibana,
akingoja Bi Mwanasiti avute pumzi
ndipo akohoe, mara moja, ndani ya ile nafasi,
asimchafulie mtu wimbo.
"Miaka ishirini na mbili," kasema, "hakuwahi kukosea pigo."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia arudi Alhamisi.

Nilikirudisha. Na viti nikavirudisha, nusu sauti.
Soda niliiacha nje; sijui kwa nini, pengine ukaidi.
Yake mjane nikamtilia ndefu, dakika zake zote tisa.
Fupi nikamrushia Shemsa, bila maelezo.

Siku ya nne kaja dukani, hata salamu hakumaliza.
Wimbo? Wimbo hakuusema.
Amekata kikohozi, amekifanya mlio wa ujumbe,
na darasa zima limekiomba, na mwalimu wa Hesabu
amewauliza nani mgonjwa.
Nilitaka kukasirika. Nilicheka hadi bisibisi ikaniponyoka.

Akanyamaza, akiizungusha ile hedifoni iliyokufa.
"Dada. Huyu, kabla hajakohoa,
alikuwa anapiga nini?"

Nikamwongezea dakika moja.
Juzi kaja tena, nikampa mbili.
Tisa bado sijampa, wala hajaziomba,
na kaseti ya tano ina ukungu,
naifuta kwa pamba na spiriti, taratibu,
shubiri kwa shubiri.