Empaako ya Gari

Huku kwetu Fort Portal humsalimu mtu ukamaliza
mpaka umtaje kwa empaako yake.
Basi Pijo ya marehemu baba tukaipa Abwooli,
jina la paka,
kwa kuwa ukiishika vibaya inakukwaruza.

Tumepishana miaka mitatu, mimi ndiye mkubwa.
Wekundu wake umechoka, umekuwa wa udongo wa Kyenjojo.
Usukani hausaidiwi na mafuta wala umeme:
kuiegesha sokoni Mpanga
ni kumvuta fahali kwa pembe,
mabega yanauma hadi Jumapili.
Lakini ikishafika themanini uzito unayeyuka,
na barabara inakupanda viganjani, neno kwa neno:
hapa changarawe,
hapa lami ina kiraka,
hapa trekta la chai limedondosha matope ya asubuhi.

Baba alikuwa na sheria moja, akiirudia huku akifunga viatu:
Ukishaingia kona, usiinue mguu.
Ogopa kabla. Ogopa baadaye.
Katikati usiogope.
Ukiachia mafuta ghafla pua inazama,
nyuma inakuwa nyepesi kama sinia tupu,
na mkia unakuja mbele kuuliza kulikoni.

Jumamosi akaja mdogo wangu Kusemererwa
na Gofu mpya kutoka Kampala,
ya kijivu, ina tabo, farasi mia tatu wamefungwa midomo,
viti vinapasha makalio joto,
na kitufe ukikibonyeza injini inanguruma
kupitia spika.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi sikungoja ya tatu.

Tulipita Karugutu, tukaanza kukwea kwenda Bundibugyo.
Penye kibanda cha miwa tukabadilishana funguo.
Nikamwambia sheria.
Akaitikia kama anayesikia redioni
tangazo la msiba wa watu asiowajua.

Kuna kona kule inajikunja mara mbili:
ukidhani imekwisha, ndiyo kwanza inaanza.
Nilikuwa nyuma yake.
Nikaona gurudumu la ndani likiinuka, mbwa kwenye nguzo.
Nikaona ubavu wa Abwooli.
Nikaona mlango, na uso wa Kusemererwa dirishani,
mdomo wazi.
Halafu nikaona taa zake za mbele.

Nyani watatu walikuwa juu ya ukingo.
Hawakuacha hata kutafuna.

Alipopata pumzi akasema, "Niliinua kidogo tu."
Kidogo tu! Hivyo ndivyo alivyosema baba pia,
mwaka ule alipong'oa ua la katekista.

Nami kwa ubishi nikarudi na Gofu kona ileile,
nikaachia mafuta makusudi, katikati kabisa.
Hakuna.
Kitu fulani humo ndani kikalifinya gurudumu moja sikio,
taa ya njano ikakonyeza, kona ikaisha.
Nilikuwa nimeokolewa, na nilikuwa nimeibiwa,
sijui kipi kilitangulia.
Nikakanyaga mafuta kwa hasira,
na hapo, pembe ya kutokea,
usukani ukanivuta mikono kushoto kwa nguvu
kama mtoto aliyeona mandazi.
Nikacheka peke yangu. Kumbe ina damu.

Mvua ilitukuta njiani. Siwezi kumsengenya mgeni:
wepa zilijiwasha zenyewe, mgongo ulikuwa na joto,
nami nilistarehe.
Mbele yangu Kusemererwa alikuwa ameng'ang'ania Pijo,
akiingia kila kona taratibu,
akitoka kwa mguu usiotetereka.

Mama alitupokea na mwavuli.
Akaisalimu Abwooli, kama kawaida, kwa kofi la boneti.
Akaitazama ya kijivu.
"Na huyu, empaako yake?"
"Bado," akasema Kusemererwa.
"Ana kosa gani?"
Nikamwambia inavuta mikono ikiondoka kwa pupa.
"Moja tu?" akasema mama, akaingia ndani kuangalia chungu.

Usiku nilisikia mlango.
Kusemererwa alikuwa nje, bila koti,
amekaa ndani ya Pijo iliyozimwa, taa zimezimwa,
mguu wa kulia juu ya pedali,
anajifunza kutouinua.